Fundi Upepo na Matairi Manane

Baba yangu ni fundi pancha, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Fundi Upepo. Kwa miaka ishirini na sita amekaa nje ya lango la kampuni ya teksi, kwenye kiti kilichovunjika mgongo, mbele ya beseni la maji yenye rangi ya chai. Ukimletea tairi haulizi swali. Hulamba midomo, hulisogeza karibu, hulizungusha polepole, na kaupepo kanakotoka humgusa mdomoni kabla hujamaliza kumweleza shida yako. Beseni ni la kumridhisha mteja tu, maana wateja hawaamini midomo ya mtu.

Mimi ni dereva wa kampuni hiyohiyo. Watoto wengi wa mafundi pancha huyakimbia matairi; mimi sikufika mbali.

Meneja alipotutangazia kwamba magari yote yatafungwa matairi yasiyo na upepo, nilimpelekea baba habari mbiombio. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwambie ninayo hapa saba, aje achukue bure!"

"Baba, si utani. Hayajazwi kabisa. Ndani yana mbavu za plastiki ngumu, ndizo zinazobeba gari. Hata msumari hauyafanyi kitu."

Akaacha kucheka. "Sasa mtu akipata pancha?"

"Hapati."

Akaliinamia beseni lake mpaka nilipoondoka. Nami nilikasirika, na sijui kwa nini nilimkasirikia yeye.

Nilimganda meneja wiki tatu, ofisini, kwenye ngazi, hata maegeshoni. Nilijipendekeza kwa namna ambayo nikiikumbuka naona haya. Mwishowe akachoka. "Haya, aje Jumatatu. Msimamizi wa karakana atampa jaribio." Kazi yenyewe ilikuwa kukagua matairi mapya na kuyafunga. Baba akiikosa, basi tena, kwani hakuna mtu angemhitaji pale langoni, na kazi nyingine haijui.

Jumapili nzima nilimfundisha. Nilimchorea kwenye daftari. "Unaangalia mbavu kwa tochi, baba, moja baada ya nyingine. Unatafuta ufa." Akarudia kama mwanafunzi: tochi, mbavu, ufa. Mama akampigia pasi shati jeupe, shati jeupe la kwenda kushika matairi, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Jumatatu msimamizi alimpangia matairi manane, akamwambia moja lina kasoro. Mafundi wa karakana wakasimama kutazama, madereva nao, na meneja akatoka na kikombe chake cha chai. Baba akawasha tochi. Akaliangalia tairi la kwanza, akaligeuza, akaliangalia tena. Akalamba midomo. Kisha, Mungu wangu, akaiweka tochi chini, akalibeba tairi hadi kwenye pipa la maji ya kuoshea magari, akalizamisha.

Mapovu yakatoka kila upande. Yangeachaje kutoka? Hewa ilikuwa imejaa katikati ya mbavu, na maji yaliifukuza. Baba akashtuka, akatoa chaki mfukoni, akalipiga alama ya mkasi. Akazamisha la pili. Mapovu yaleyale. Chaki. Aliendelea hivyo mpaka la nane, shati likiwa limelowa kifua kizima, halafu akamgeukia msimamizi na kusema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake:

"Wamekuuzia mabovu, ndugu yangu. Yote yametoboka."

Meneja ndiye aliyeanza, chai ikamwagikia viatu. Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, watu wakashikana mabega wasianguke. Msimamizi alijifuta macho, akamwambia baba asante, aende tu akapumzike.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari la kampuni. Alikaa kiti cha nyuma, kama abiria. Tulipofika hakufungua mlango.

"Nilijua hayana upepo," alisema. "Ulinifundisha vizuri. Mikono tu ilikwenda yenyewe."

"Usijali, baba."

"Wale wengine siwalaumu, si wa nyumbani. Wewe ulikuwa unacheka nini, mwanangu?"

Ni kweli nilicheka. Nilicheka pamoja nao mpaka machozi yakanitoka. Alishuka, akaufunga mlango taratibu, nami nikarudi kazini.