Tanga Lisiloanuliwa

Kwa miezi saba baba yangu alikataa tanga la mama lianuliwe, na sababu ya kukataa nilimpa mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Kazi yangu ni kuotesha seli. Kipande cha uvimbe kisichozidi punje ya harage hukatwakatwa, huwekwa katika chupa bapa yenye maji ya lishe, kisha chupa hukaa ndani ya kabati lenye joto la mwili. Bahati ikiwepo, seli hushika sakafu ya chupa na kuanza kugawanyika. Juu ya seli hizo dawa hujaribiwa kabla hazijamfikia mgonjwa. Hata chanjo ya polio tuliyodondoshewa utotoni ilitokana na seli zilizooteshwa. Haya nilimweleza mama alipolazwa kwa saratani ya titi, naye akakubali kabla sijamaliza, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Kipande chake kilipewa namba. Sikupaswa kujua ni namba ya nani. Nilijua.

Seli zilikua. Mama hakupona.

Siku ya tatu baada ya mazishi, baba akiwa ameketi jikoni ameinamisha uso, nilimwambia kwamba sehemu ya mama ingali hai maabara. Sentensi hiyo nimeichambua kuliko sura yoyote ya tasnifu yangu. Seli za uvimbe ndizo zilizomuua. Kuziita sehemu yake ni sawa na kumwita mwizi ndugu kwa kuwa alilala ndani. Lakini nilitaka baba ainue uso, naye akauinua.

Wazee wa ukoo walipokuja kupanga siku ya kuanua tanga, yaani kuufunga msiba, aliwajibu kwa upole wake wa mzee wa kanisa: "Hatuanui tanga la mtu ambaye hajaisha."

Harusi ya mdogo wangu ikasimama, kwa kuwa kwetu hakuna anayeozesha huku tanga likiwa wazi. Shangazi, dada yake baba, alisema mbele yangu kwamba haya ndiyo matunda ya kusomesha: mtoto unampeleka na begi, anakurudishia mama yake ndani ya chupa. Watu walicheka kidogo, wakanyamaza walipomwona baba. Yeye alikuwa akipanda hadi penye mtandao kila Jumapili baada ya ibada, ananipigia, anauliza kama mama amekula. Namjibu kwamba amekula.

Kisha msimamizi wangu akataka vinasaba vya seli vilinganishwe na vya damu ya mama iliyokuwa imehifadhiwa. Havikulingana. Seli nilizokuwa nikizilisha zilikuwa za mtu mwingine, aina sugu iliyoagizwa kutoka nje kwa ajili ya mazoezi, ambayo tone moja linatosha kuzimaliza nyingine zote. Msimamizi hakukasirika. Alisema maabara nyingi zimewahi kupatwa na hilo, nikaambiwa niliandike katika aya ya upungufu wa utafiti. Aya moja, ikiwezekana fupi.

Nilisafiri hadi Same, nikapanda gari la milimani. Baba nilimkuta ndivani, kwenye bwawa walilochimba babu zetu, linalokusanya maji ya mfereji ili asubuhi yagawiwe mashamba kwa zamu. Zamu hizo ndiye anayezisimamia. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kulikoni siku ya kazi. Nilianza kwa maneno ya kitaalamu. Yalipokwama nikasema kwamba mbegu ngeni iliingia, ikaisonga ya mama, na ya mama haipo tena.

Alinisikiliza macho yakiwa kwenye maji. Mtu wa mifereji husikiliza hivyo.

"Maji yalikuwa ya chupa moja?"

"Moja, baba. Lishe ilikuwa imebaki kidogo."

"Ulianza kunywesha shamba lipi?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza, si msimamizi wala jopo la tasnifu. Ndivani kila mtu anajua kwamba shamba lenye magugu hunyweshwa mwisho, kwa sababu maji yaliyopita hapo hubeba mbegu zake kwa jirani. Maabara kanuni ni hiyohiyo: dhaifu kwanza, sugu mwisho, na kila moja na chupa yake ya lishe. Nilifundishwa juma la kwanza. Lakini asubuhi niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki, nilitaka kuzilisha zote kabla ya kuwahi basi la Same, na zile sugu zilikuwa mbele kabatini.

"Lenye magugu," nilisema.

Aliuliza ilikuwa lini. Nikamwambia.

"Kwa hiyo siku aliyokufa ndiyo siku aliyoisha."

Si sahihi kabisa; zile ngeni lazima zilihitaji majuma kadhaa. Sikumsahihisha. Aliinama, akaziba tundu la bwawa kwa udongo, akaosha mikono.

"Na huyo ninayemuulizia kila Jumapili," alisema, "watu wake walishaanua tanga?"

Nilijibu kwamba sijui. Tunajua kasi ya kukua kwake, tunajua dawa zinazomshinda, tunajua chembe zake za urithi zilivyovurugika. Watu wake hatuwajui.

"Mmesoma nini, basi?"

Hakuipandisha sauti. Siku hiyohiyo aliwaita wazee, nao wakapanga Jumamosi ya pili. Alitaka niseme mimi. Nilisimama uani mbele ya ukoo na majirani, nikatamka kwamba mama amekwisha, na kwamba aliyewachelewesha ni mimi. Mchungaji akaomba. Shangazi akaagiza wali upakuliwe. Baada ya chakula wazee walihamia kwenye tarehe ya harusi, na baba akawa anacheka nao, jambo ambalo nilikuwa nimelitamani kwa miezi saba na ambalo sikuweza kulitazama.

Jumatatu nilirudi maabara. Chupa zilizochafuka humwagiwa klorini na kuachwa dakika kumi kabla ya kutupwa. Nilizihesabu dakika zote kumi kwa saa ya ukutani, nikiangalia maji ya lishe, mekundu, yakififia mpaka yakawa meupe. Katika daftari, chini ya namba ya mama, niliandika: imetupwa, uchafuzi. Penye nafasi ya jina la aliyesababisha niliandika langu.