Flaiwili ya Shemeji Zenek

Pale Zarzecze, kijiji cha Polandi, kila ukoo una shemeji mmoja wa kutengeneza vitu. Ukimpelekea fundi gari lako wakati shemeji yupo hai na spana anazo, watu watakuuliza mmegombania nini. Kwa akina Mirka shemeji huyo alikuwa Zenek, mume wa Halina, mdogo wake Mirka, na ukoo mzima uliimba wimbo mmoja: Zenek ana mikono ya dhahabu. Alifunga mabomba jikoni kwa Mirka, mabomba yakavuja. Ikaonekana kosa ni la mabomba. Akapaka dari rangi, ikabanduka kabla ya Krismasi. Hiyo ni hali ya hewa. Mtu akishasifiwa dhahabu, kutu yake yote huwa ni ya wengine.

Mirka mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili na mabega ya kubeba masufuria. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wazee thelathini na mmoja chakula cha mchana, vijiji sita, kwa gari lake mwenyewe la dizeli, lile la kijani lenye mgongo mrefu. Saa tano anapakia kwenye jiko la shule, saa nane mzee wa mwisho analalamika kwamba supu ina karoti nyingi. Miaka sita hajakosa siku.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, akirudi na masufuria matupu, kwenye mwinuko wa makaburini, klachi ikamfia. Injini inanguruma kama fahali, gari limetulia kama kaburi la jirani. Jirani mwenye trekta akalivuta hadi kwenye banda la Mirka. Mirka akapiga simu ofisi ya kata, na karani hakupindisha maneno.

"Pole sana, mama. Lakini Jumatatu saa tano chakula kisipotoka, Jumanne namweka mwingine. Yupo mmoja ameshaomba."

Akampigia Zenek.

"Shemeji! Wiki hii acha kabisa. Jumapili ni siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu wangu, wageni ishirini, Halina ananiua. Nitakuja kulitazama Jumatano."

"Zenek, toka Pasaka unaniambia Jumatano."

"Na Jumatano zipo, shemeji, hazijaisha."

Kweli ilikuwa toka Pasaka. Klachi ilianza kuteleza wakati ule, Mirka akanunua seti mpya, ikakaa juu ya kabati miezi miwili ikimngoja bwana dhahabu. Na Zenek alikuwa amemshauri kama mtaalamu: "Nunua klachi tu. Flaiwili usiguse, ile nilikufungia mpya miaka minne iliyopita. Ile flaiwili itatuzika wewe na mimi." Mirka alikumbuka vizuri, kwa sababu flaiwili yenyewe, lile gurudumu zito la chuma linalokaa nyuma ya injini ambalo klachi inalibana, aliinunua yeye kwa mkono wake na kumpelekea Zenek ikiwa kwenye boksi lake.

Akampigia mumewe Leszek, anayeezeka mapaa Norwei na huja nyumbani Krismasi na Pasaka kama padri wa kualikwa.

"Msubiri Zenek," Leszek akasema.

"Jumatatu nina wazee thelathini na mmoja."

"Basi mpelekee chupa, atakuja."

"Nitampa hiyo chupa. Ya kichwa."

Akakata simu. Akasimama bandani akitazama gari, na hasira ikampanda taratibu, kama maziwa jikoni: kwanza hakuna kitu, halafu yako kila mahali. Bandani pale kulikuwa na shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Mkwe wake alilichimba zamani, wakati kila mtu akijitengenezea trekta lake. Kulikuwa na spana zake ukutani. Na kwenye simu kulikuwa na video ya bwana mmoja mpole anayefungua gari la aina ile ile na kubadilisha klachi kwa dakika kumi na nane.

Dakika kumi na nane! Boliti ya kwanza peke yake ilimla dakika arobaini na ngozi ya vidole viwili. Mirka alitukana kwa lugha zote mbili anazozijua, Kipolandi na Kirusi cha shuleni. Akatoa betri, akatoa stata, akamwaga oili ya giaboksi, nusu kwenye beseni na nusu kwenye mkono wa sweta. Akachomoa shafti za magurudumu. Akafunga injini kwa mnyororo kwenye gogo ili isianguke, akafunga giaboksi kwa kamba kwenye boriti ya banda, na Jumamosi asubuhi akaiteremsha shimoni sentimita kwa sentimita, akiiongelesha kama mbuzi mkaidi. "Taratibu, mshenzi wewe. Taratibu."

Halafu akatoa preshapleti, na hapo ndipo Jumamosi ilipoharibika.

Preshapleti, lile bamba linaloibana klachi kwenye flaiwili, hufungwa kwa boliti sita. Hii ilikuwa na tano. Mbili zilikuwa za kweli, mbili za mashine ya kukatia nyasi, na ya tano ilikuwa ndefu mno, hivyo mtu alikuwa ameipunguza kwa kuivalisha washa tatu, vile vipete bapa vya chuma, na washa moja ilikuwa kizibo cha bia kilichotobolewa katikati. Mirka alikitazama kile kizibo muda mrefu. Akaifuta flaiwili kwa kitambaa. Ilikuwa imeungua bluu na imepasuka pasuka kama matope ya kiangazi, na ukiishika inacheza kama jino bovu. Ukingoni kulikuwa na mwaka umegongwa kwenye chuma. Mwaka wa gari kutoka kiwandani. Miaka ishirini iliyopita.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo, akatazama ule mwaka, akasema neno moja tu, na kuku wakatoka bandani.

Duka la vipuri mjini hufungwa saa nane. Akapanda baiskeli, kilomita kumi na moja, na oili mpaka kwenye nyusi. Bwana wa dukani akamtazama toka juu hadi chini.

"Mumeo amekutuma flaiwili ya aina gani, mama?"

"Mume yuko juu ya paa Norwei. Nipe ya gari hili, na boliti sita mpya za flaiwili, na sita za preshapleti. Sita. Hesabu mbele yangu."

"Hiyo ni kazi ya fundi, lakini. Huna shemeji?"

"Ninaye. Ndiyo maana niko hapa."

Bwana akacheka, Mirka hakucheka, na bwana akaacha. Alirudi na kilo kumi na mbili za chuma kwenye kikapu cha mbele, baiskeli ikimvuta kuelekea mtaroni kila kona, na kila alipoikwepesha alimtaja Zenek na mama yake Zenek, ambaye kwa kweli alikuwa mama mwema.

Jumapili Zarzecze hapana kazi. Hata nguo hazianikwi. Mirka alilijua hilo, na milango ya banda akaiacha wazi makusudi, maana taa ya ndani ilikuwa hafifu na aibu alikuwa ameshaimaliza Jumamosi. Bibi Pelagia akapita na kitabu chake cha sala kuelekea misa ya saa nne.

"Mirka! Jumapili! Mungu anakuona!"

"Kama ananiona, bibi, aje anishikie tochi."

Bibi Pelagia akajifanyia ishara ya msalaba mara mbili, moja kwa ajili ya Mirka.

Flaiwili mpya ikakaa. Akakaza boliti kwa kupishana, moja huku, moja kule, kama bwana wa kwenye simu alivyosema. Klachi pleti ikitoka nje ya katikati giaboksi haiingii, na kifaa cha kuiweka katikati hakuwa nacho, basi akakata mpini wa ufagio, akauzungushia utepe mpaka ukabana, ukakaa sawasawa. Hapo akafurahi kidogo. Ilidumu kama nusu saa.

Kwa sababu giaboksi kuiteremsha ni jambo moja. Kuipandisha, na shafti yake iingie katikati ya klachi pleti jino kwa jino, kunataka mtu shimoni wa kuisukuma kwa bega na mtu juu wa kuilenga. Mirka alikuwa mtu mmoja. Mara ya kwanza kamba iliteleza. Mara ya pili shafti iligusa ikarudi. Mara ya tatu aliisukuma kwa kifua mpaka akaona nyota saa saba mchana, akaiteremsha tena, akakaa shimoni na machozi ya hasira yakamchorea njia kwenye oili. Kazi yote ile, na keshokutwa yule mwingine atapakia supu.

Saa tisa ndipo alipowasikia. Walikuwa wanakuja kwa miguu, sherehe nzima ya siku ya jina, kumchukua dada mtu ambaye hakutokea na keki yake ya jibini. Mbele Halina na viatu vya kisigino, nyuma yake wageni wenye mashavu mekundu, na katikati Zenek, koti, shati jeupe, tai, nywele zimepakwa mafuta.

"Jamani, mtazameni!" Zenek akasema, mikono kiunoni. "Shemeji amekuwa fundi! Si nilikwambia Jumatano? Sasa umelifungua gari utalifungaje?"

Wageni wakacheka. Mirka akatoka shimoni polepole. Wakaacha kucheka, mmoja mmoja.

"Mirka, kaoge," Halina akasema. "Mchuzi wa kuku umepoa, watu wanakusubiri wewe. Zenek atamalizia Jumatano."

"Atamalizia sasa."

"Na shati hili?" Zenek akasema. Na hapo macho yake yakaiona flaiwili ya zamani imeegemea ukuta, ule mwaka ukiwa umeelekezwa mlangoni. Sura ikambadilika. "Tukale kwanza, shemeji. Tutaongea."

"Imebaki kusukuma tu. Dakika tano. Au mikono ya dhahabu haishuki shimoni?"

Wageni wakamgeukia. Mtu aliyesifiwa miaka ishirini hawezi kukataa dakika tano. Zenek akavua koti, akampa Halina, akashuka. Mirka akavuta kamba, giaboksi ikapanda, Zenek akaingia chini yake kwa bega.

"Sukuma. Juu. Kushoto kwako. Kushoto kwingine, Zenek."

"Shemeji, nzito hii!"

"Najua. Nimeilea toka asubuhi."

Shafti ikaingia theluthi, ikakwama. Kwa hali hiyo, anayeshika chini akiachia, giaboksi inaning'inia kwenye klachi pleti mpya na kuipinda, kazi yote inakufa. Zenek alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale bandani. Na Mirka alijua kwamba analijua. Akapiga magoti ukingoni mwa shimo.

"Zenek."

"Sukuma huko juu, mama wee!"

"Ile flaiwili niliyokuletea kwenye boksi. Ilienda wapi?"

"Tutaongea mezani!"

"Mimi nina nafasi sasa hivi."

"Bega linakatika, shemeji!"

"Langu lilikatika jana kwenye baiskeli. Ilienda wapi?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Zenek kwenye tai. Mgeni mmoja akakohoa, mwingine akaanza kutazama boriti kama mnunuzi.

"Ya kwako ilikuwa bado nzuri," Zenek akasema toka chini. "Kidogo. Ya kwangu, saizi ile ile, ilikuwa inagonga. Nikasema nitakununulia nyingine baadaye."

"Sisikii. Ilienda wapi?"

"Kwenye gari letu!"

"Gari letu lipi?" Halina akauliza.

"Tuna magari mangapi, Halina? Hilo unaloendesha!"

Halina alikuwa akijisifu kwa watu wote miaka minne kwamba gari lake linaondoka laini kama siagi. Akaliangalia koti la mumewe mkononi, akalitundika kwenye msumari wa banda, katikati ya minyororo, akatoka nje.

Mirka alitegemea kusikia raha. Hakuisikia. Hasira ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Alitaka kumwacha pale mpaka Jumatano. Lakini supu ya wazee ilikuwa inategemea lile bega, na bega lilikuwa linatetemeka.

"Nikihesabu tatu, sukuma na uitikise kidogo. Usipinde."

Moja. Akashika shina la giaboksi linalozungusha magurudumu, akalizungusha robo, meno yakatafutana. Mbili. Tatu. Ikaingia, mlio mmoja mzito, kama mlango wa kanisa. Akafunga boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuharakisha hata moja.

"Toka."

Zenek akapanda ngazi, shati jeusi mbele na nyuma. "Shemeji, mimi nitaitoa ile ya kwangu nikurudishie, haki ya Mungu…"

"Hutaitoa wewe. Ukiitoa wewe utaifunga kwa vizibo. Nenda ukale."

Akaenda, na wageni wakaenda nyuma yake wametawanyika, kama watu wasiojuana. Mirka akabaki kurudisha shafti, stata, betri, oili. Hakuna boliti iliyobaki bila mahali pake. Jua lilikuwa bado juu ya msitu alipowasha, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia. Gari likaondoka. Akalipandisha mwinuko wa makaburini mara tatu, na mara zote tatu alimtukana Zenek kileleni, ili ahakikishe injini haimzidi sauti.

Jumatatu saa tano kasoro robo alikuwa mlangoni pa jiko la shule. Karani wa kata naye alikuwa hapo, na pembeni yake yule aliyeomba kazi, mwanaume mwenye gari jipya, buti wazi, amewahi siku nzima.

"Mama Mirka!" karani akasema. "Nilisikia gari limekufa."

"Halikufa. Liliuawa." Akamkazia macho yule bwana mpaka akafunga buti lake. "Sogeeni, supu inapoa."