Mkunga aliyeuona mgongo wa mwanawe

Saa tatu asubuhi, Gunnvor Aasli amelala kwenye kitanda ambapo kwa miaka kumi na mmoja amewalaza wanawake wengine. Tumbo limepakwa jeli baridi.

"Hjørdis, geuza skrini."

"Tulia, mama. Leo mkunga ni mimi," anajibu mwenzake wa kazi, akitelezesha kifaa cha ultrasound.

Gunnvor, 36, ni mkunga huko Namsos, Norwei. Mimba yake ina wiki kumi na tisa, na kinachomtisha anakijua vizuri mno. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama ukanda mwembamba unaojikunja na kuwa mrija. Mrija usipojifunga, mgongo hubaki wazi.

"Unajifunga ndani ya siku ishirini na nane," anasema. "Wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Na mimi nilikuwa nameza dawa za kifafa kila siku."

Dawa zile zinaweza kuuzuia mrija usijifunge. Aligundua ana mimba wiki ya saba. "Nilikaa chooni nikahesabu siku kwa vidole. Nikarudia. Nilikuwa nimeshachelewa."

Mumewe, Eilert, mfugaji wa samaki, amesimama mlangoni na koti lake.

"Mbona kimya? Nyie wawili hata msibani hamnyamazi."

Hjørdis anapima sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo hushuka mgongo unapobaki wazi, mara tatu, kisha anageuza skrini. Chini ya mgongo, pingili zinapopaswa kukutana, kuna pengo.

"Nililiona kabla hajafungua mdomo," Gunnvor anasimulia wiki moja baadaye, jikoni kwake. "Habari hii nimewapa wanawake wengi. Sikujua inavyokata pumzi."

Garini, Eilert aliuliza swali moja: "Atatembea?"

"Sijui, mume wangu."

Jumanne wanasafiri kwenda Ubelgiji, kuonana na madaktari wanaoziba pengo mtoto akiwa bado tumboni. Upasuaji huo unaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Wanaweza kumpoteza mtoto.

"Naogopa kusaini kibali, naogopa kutosaini," anasema Gunnvor. "Lakini nitasaini."

Eilert alikuwa ameshamchongea mtoto skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, fupi kama mikono yake mwenyewe. Juzi alitaka kuzitia motoni kama kuni.

"Nikamnyang'anya," anasema Gunnvor. "Nikamwambia, zipake nta ziteleze."