Jumbe na Tundu la Ghala

Baba yake bibi yangu aliitwa Nkwabi, na kabla hujaanza kumwonea huruma, jua kwamba alikuwa mwongo. Siyo mwongo wa kutisha. Mwongo wa kawaida tu, kama wewe unayesema "nipo njiani" huku bado unatafuta kiatu.

Mwaka 1937 alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, pembeni ya mji wa Mwanza. Ghala lilikuwa la mbegu, zile za kugawia wakulima mvua zikikaribia. Panya nao wanazipenda, kwa hiyo kiwanda kilikuwa na paka. Aliitwa Jumbe, maana alikaa juu ya magunia kama mtu anayesubiri kodi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jicho moja lilikuwa na ukungu, na meno yalibaki matatu, tena hayakuwa majirani.

Chini ya ukuta kulikuwa na tundu la kutolea maji sakafu ikioshwa. Ukimaliza kuosha unarudisha bati la kuliziba, unaegemeza jiwe, basi. Ijumaa moja Nkwabi akaosha vizuri kabisa. Halafu habari ikafika kwamba Wagalu, kundi lake la ngoma, wamepiga kambi Igoma, wanashindana na mahasimu wao Wagika, na watu wote wanaelekea huko. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, na huyu mzee alikuwa Mgalu wa damu. Aliondoka mbio mikono ikiwa bado imelowa. Bati akaliacha limelala chini.

Alirudi Jumatatu asubuhi, sauti imekauka kwa kuimba. Magunia kumi na moja yalikuwa yametobolewa, mbegu zimetapakaa sakafu nzima. Jumbe hakuwa juu ya magunia. Alikuwa ndani ya lile tundu, amejikunja akaliziba kwa mwili wake, na nusu ya sikio moja imetafunwa.

Nkwabi akamvuta nje, akarudisha bati, akaegemeza jiwe. Alipomaliza ndipo alipomfuta damu. Kwa mpangilio huo, na ndiyo maana nimeanza kwa kukwambia usimwonee huruma.

Msimamizi wa kiwanda, Bwana Liaqat, akaingia.

"Nkwabi, nini hii?"

"Panya, bwana."

"Panya naona. Wameingiaje?"

Nkwabi akamtazama Jumbe. Jumbe naye akamtazama, kwa lile jicho zima.

"Paka amezeeka, bwana. Siku hizi analala tu."

Liaqat akashusha pumzi. "Basi nitaleta wawili wapya. Huyu mtafutie mtu wa kumchukua. Ukikosa, Jumamosi mtie kwenye gunia na jiwe, peleka ziwani. Jioni nisimkute hapa."



Siku hizi ungempiga Jumbe picha ya upande wa jicho zuri, ukaandika "bure, njoo na boksi." Enzi zile ilibidi umbebe mkononi, mlango kwa mlango. Nkwabi alianzia Pasiansi kwa rafiki yake Chenge, mkausha samaki.

"Huyu ni chui," Nkwabi akasema. "Panya wakimwona wanahama mji."

Chenge akamfungua Jumbe mdomo, akachungulia, akaufunga taratibu.

"Mwenzangu, huyu panya watampa shikamoo."

"Ni mkali, nakwambia."

"Hata samaki wangu hawezi kuwaiba. Nenda naye salama."

Alhamisi akampeleka Mirongo kwa Gangaben, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la mchele. Mama huyu alizaliwa Magu, nyuma ya duka la baba yake, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko cha makarani wengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umebeba nini?"

"Dawa ya panya wako, mama. Anaua ishirini kwa siku. Asubuhi mimi kazi yangu ni kufagia mikia."

Gangaben akavuta ncha ya sari akaziba pua.

"Nkwabi, nyumba hii hatuli nyama. Mende tunamtoa nje kwa karatasi. Na wewe unaniletea mnyongaji?"

Yaani alikuwa ametoka kusifia kitu pekee ambacho mama yule hakitaki duniani. Akarudi ghalani na paka wake.

Jumamosi Nkwabi akamtia Jumbe kwenye gunia. Jiwe alilochukua ni lile lile la kuegemezea bati, maana jingine hakuliona karibu, au hakutafuta. Kiwanda kilikuwa karibu kabisa na maji, lakini yeye alizunguka mjini, njia ndefu, mpaka akajikuta mbele ya baraza la Gangaben. Mama alikuwa anawamwagia njiwa mtama.

"Bado unaye mnyongaji wako?"

Nkwabi akakaa kwenye ngazi, akafungua gunia. Jumbe akatoka, akajinyoosha, akalala juani. Njiwa mmoja akapita mbele ya pua yake. Jumbe akapiga mwayo.

"Mama, nilikudanganya. Hajaua panya mwaka wa pili huu."

"Ulisema ishirini."

"Hata mmoja."

"Sasa gunia na jiwe hilo ni vya nini?"

Hapo Nkwabi akasema yote. Ngoma, bati, sikio. Alipofika kwenye sikio alishindwa kumtazama mama, akawa anaongea na njiwa.

"Kwa hiyo wewe ulicheza," Gangaben akasema, "yeye akaziba tundu, na wa kuzamishwa ni yeye."

"Ndiyo, mama."

"Liaqat anajua?"

"Hapana."

"Mwambie. Paka mwache hapa."

Jumatatu Nkwabi akasimama mbele ya Liaqat, maneno yako mdomoni.

"Paka amepata mtu?" Liaqat akauliza.

"Amepata, bwana."

"Mwingine angemtupa tu siku ile ile. Wewe una roho nzuri, Nkwabi."

Maneno yakarudi tumboni.

Kwa Gangaben Jumbe alilishwa maziwa na wali wa dengu, akanenepa. Lakini paka wa ziwani ni wa ziwani. Kila jioni Nkwabi alipitia nyuma ya nyumba na furu wawili kwenye jani, akawaweka juu ya jiwe nje ya ua. Gangaben alijifanya haoni samaki. Alimwona Nkwabi tu.

"Umemwambia?"

"Kesho, mama."

Hiyo kesho ilisogezwa miaka miwili. Liaqat akahamia Kampala bila kuambiwa, na mama hakuacha kuuliza.

Halafu jioni moja Nkwabi akafika na furu wake, akakuta Gangaben amesimama kwenye ua karibu na kaburi dogo la Jumbe, udongo bado mbichi, mtama umemwagwa juu yake. Nkwabi akasubiri aulizwe. Siku hiyo mama hakumuuliza.