Vayolini Mbili Sebuleni Kwangu

Dada yangu na mumewe walikuwa wakija kwangu Mwananyamala kufanya mazoezi ya sonata, muziki wa kale wa ala ambamo vayolini mbili hupokezana wimbo. Mie niliwapigia besi, zile sauti nzito za chini, kwenye kinanda. Siku moja dada alitangulia kufika, akaniambia amepanga chumba Chanika na atahamia huko Jumapili, peke yake.

"Shemeji yako hajui. Usimwambie."

Shemeji akaja akicheka, tukaanza. Kila alichopiga dada, yeye alikirudia kwa upole. Nilitamani kutoka nje, lakini bila besi wote wawili wangepotea, kwa hiyo nikaendelea kupiga. Katikati ya sehemu ya taratibu shemeji akaacha kupiga, akamwuliza dada.

"Mbona leo unaniacha?"

Alimaanisha mwendo wa muziki. Dada akanigeukia, akidhani nimeshasema.

"Umemwambia?"

"Aniambie nini?" shemeji akauliza.

Dada akalia, kisha akamweleza yote. Walikuwa wamesimama kati yangu na mlango, nami nimebanwa kwenye kona nyuma ya kinanda, nikasikia mpaka mwisho. Jumapili dada alihama. Shemeji tukikutana njiani hujibu salamu yangu bila kusimama.