Siku Niliyopanda Kibosho Kusoma Matokeo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili asitokee wa kunitegemea kwa safari. Tunakaa Kiboriloni, nyuma kidogo ya soko, na kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine iliyoko sebuleni, kwa hiyo sababu ya kutoka sina. Anayetoka ni mke wangu. Anauza ndizi sokoni, anajua habari za mji mzima, na akirudi jioni hunikuta palepale aliponiacha asubuhi. "Siku nikipotea mimi," huwaambia wenzake wanaomsindikiza mpaka getini, "huyu atanisubiri tu. Hajui hata pa kuanzia kunitafuta." Wenzake hucheka mpaka wanashika ukuta. Nami nikiwa ndani hucheka pia, maana ni kweli.

Mtu kama huyo alifikaje kuwa mtaalamu wa matokeo ya shule ya mlimani? Dada wa mke wangu anafanya kazi Dar, na binti yake analelewa Kibosho kwa babu na bibi, yaani kwa wakwe zangu. Shule anayosoma iliacha kutoa ripoti za karatasi, ikaleta mfumo wa mtandaoni. Mzazi anaingia kwa namba ya simu na neno la siri, anaona maendeleo ya mtoto wake. Sasa simu ya baba mkwe ni ya vitufe, na hata hivyo anaipenda zaidi kwa ajili ya tochi. Shemeji yangu kule Dar anatoka alfajiri na kurudi amechoka. Ukoo ukatazamana, ikaonekana mwenye simu ya tachi, bando na muda wa kukaa ni mmoja.

"Yupo tu," mke wangu aliwaambia, kama anayenadi mkungu uliobaki. "Na fomu foo alimaliza."

Nilipoingia kwenye mfumo ndipo nilipojua kwamba shule haikubadilisha karatasi peke yake. Ilibadilisha na upimaji. Hakuna mia tena, hakuna wastani, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila somo limekatwa vipande vya mambo ambayo mtoto anatakiwa kuyaweza, na mbele ya kila jambo kuna neno moja kati ya manne: Anaanza, Anakaribia, Amefikia, Amevuka. Nilitumia asubuhi nzima kutafuta walipoficha namba. Niligusa kila kinachogusika. Nikajitoa bila kutaka, nikakosea neno la siri mpaka mfumo ukanifungia mlango. Mke wangu akaja akachungulia begani, akaupenda utaratibu huo papo hapo.

"Kuchemsha chai: amefikia," akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kuosha sufuria: anakaribia. Kutoka nje ya geti..." Akanitazama kwa huruma. "Hapo mwalimu hajapata cha kuandika."

Mwisho wa mwaka, matokeo yalipowekwa, nikapiga simu mlimani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Haya, amekuwa wa ngapi?"

"Siku hizi hawasemi wa ngapi, baba. Kwenye hisabati, hapa kwenye hesabu za sehemu, za nusu na robo, wameandika anakaribia."

"Anakaribia wapi?"

"Kuweza, baba."

 Sauti yake ikawa ya mtu aliyekwisha kuzipokea habari mbaya na sasa anamhurumia mleta habari. "Mkwe, mgonjwa akizidiwa, hospitali hawakwambii amezidiwa. Wanakwambia anaendelea. Mtoto ameshika mkia, na hawa wanaona aibu kututajia. Arudie darasa la tano."

Usimwone mzee mkali. Kule kwao, Krismasi ukoo unapopanda kutoka Dar na Arusha, nyama haigawiwi kabla watoto hawajasimama uwanjani mbele ya nyumba ya babu. Mmoja mmoja anataja darasa lake na nafasi aliyoshika, halafu anapigiwa makofi. Hata aliyeburuza mkia hupigiwa, tena kwa nguvu, ili asilie. Mwaka uliotangulia binti yule alitaja wa tatu, na babu yake akamwambia arudie kusema kwa sababu kuna mjomba alikuwa nyuma ya nyumba anafunga mbuzi hakusikia. Sasa mwaka huu asimame aseme nini? Mzee aliona heri mtoto arudie darasa kimyakimya, mwakani apate cha kutaja, kuliko kusimama mikono mitupu mbele ya binamu zake.

Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshamtumia mwalimu salamu kupitia jirani: mtoto arudie. Mwalimu akajibu kwamba anasubiri neno lake la mwisho Jumatatu, kabla ya kupanga majina ya darasa la sita.

"Kesho Jumamosi unapanda," mke wangu akaniambia.

"Simu si ipo?"

"Simu ndiyo iliyoharibu."

Nikapanda. Mvua ilikuwa imeichimba barabara, na dereva wa bodaboda alikuwa kijana asiyeamini breki. Nilimkumbatia kuliko nilivyowahi kumkumbatia mke wangu mbele za watu. "Mzee, niache nipumue," akasema tulipofika kona ya pili.

Binti nilimkuta bandani akimkatia ng'ombe mgomba kwa panga.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Huyu ng'ombe anakula kunizidi, ila yeye anatoa maziwa."

Kwa kawaida angecheka. Aliendelea kukata. "Baba mdogo, ni kweli narudia?"

"Nani kasema?"

"Babu. Mwakani nitakaa dawati moja na mdogo wake rafiki yangu." Akageuza uso kwa ng'ombe. "Yule bado ananyonya kidole."

Nilitaka kumwambia asiwe na wasiwasi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi wa kutosha watu wawili. Kuzungumza na baba mkwe si sawa na kuzungumza na jirani. Unapima neno, unainamisha kichwa, huwezi kumwambia umekosea. Na huyu alinipa binti yake baada ya kuniuliza mara mbili kama kweli nina kazi.

Mama mkwe akaleta mtori, ndizi zimepondeka na nyama mpaka kijiko kinasimama. Nikala kwa heshima, yaani nikaongeza. Kisha nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima, pale tu ambapo sikuwa nimefumba macho.

"Baba, chukulia mfano wa kahawa."

"Kahawa inapangwa madaraja, mkwe. Iko ya kwanza, iko ya pili, iko ya kutupa. Buni ina nafasi yake, mjukuu wangu hana?"

Nikaachana na kahawa. Nikamtazama ng'ombe, nikafikiri kumtolea mfano yeye, nikaona naye atanigeuka. Mama mkwe akanitazama kwa jicho la mtu anayeona mgeni akizama na hajui kama kamba itafika.

"Hebu fungua hiyo simu," mzee akasema. "Usome yote. Usiruke."

Mtandao kwao unapatikana kwenye kona ya banda tu, kwa hiyo sote watatu tukamfuata binti huko. Nikasoma. Hapo kwanza nilikuwa nimempigia nikamsomea mstari mmoja, ule wa sehemu, kwa kuwa ndio uliofunguka kwanza na bando lilikuwa linaisha. Sasa nilisoma mmoja baada ya mwingine.

"Anasoma habari ndefu kwa sauti na kuieleza kwa maneno yake: Amevuka."

"Hilo kweli," mzee akasema. "Gazeti la kanisa ananisomea yeye. Akimaliza ananiambia padri alitaka kusema nini."

"Anapima eneo la umbo la mstatili: Amefikia."

"Kweli," akasema mama mkwe. "Bustani ya mboga tulipima naye kwa kamba."

Ikawa hivyo. Nikisoma, wao wanatoa ushahidi. Nikaona mabega ya mzee yanashuka kidogo kidogo. Yule mtoto aliyekuwa "wa ngapi" akawa mtoto huyu wa kona ya banda, mwenye majani ya mgomba kwenye sketi. Tukafika kwenye sehemu.

"Anajumlisha sehemu zenye asili tofauti: Anakaribia." Nikagusa hilo neno, likafunguka. Chini yake yalikuwepo matokeo yake ya nyuma: Anaanza, tena Anaanza, ndipo Anakaribia.

"Na hizo hesabu za nyuma alizokosa," mzee akauliza, "hazimvuti chini?"

"Hawazichanganyi, baba. Wanaangalia anachoweza sasa."

"Hiyo hesabu yenyewe ikoje?"

Nilikohoa. Fomu foo yangu ilikuwa mbali, lakini si ndicho nilichopandia? Mzee hakusubiri. Akaelekeza kidole kwenye mfereji unaopita chini ya migomba, ule ambao kila nyumba ina zamu yake ya maji. "Tuseme nina zamu ya nusu siku. Jirani ana msiba, ananiachia na yake, theluthi ya siku. Nina maji kiasi gani?"

"Nusu ni moja ya pili," nikasema kwa sauti ya mtu msomi, "theluthi ni moja ya tatu. Moja na moja, mbili. Mbili na tatu, tano. Mbili ya tano, baba."

Mzee akafikiri. "Mbili ya tano si hata nusu."

"Si nusu, baba. Inapungua kidogo."

"Nusu nilikuwa nayo. Jirani kaniongezea maji, nimepungukiwa? Yamekwenda wapi, mkwe? Umekunywa wewe?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikatazama viatu. Binti akanisogelea, akaniambia taratibu, kwa upole wa mtu aliyepita njia hiyo akajikwaa kwenye jiwe hilohilo: "Hata mimi nilianza hivyohivyo, baba mdogo. Ile ndiyo Anaanza."

Akachuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye udongo. Akaikata siku vipande sita. Nusu ikawa vitatu, theluthi ikawa viwili. "Tano ya sita. Kimebaki kipande kimoja tu, babu, cha watu wengine."

Mzee akavihesabu vile vipande kwa ncha ya fimbo. Akarudia. "Mwambie nyingine, ngumu," akaniamuru, nami nikampa robo tatu na mbili ya tano, nikijua wazi kwamba jibu sina. Alianza vizuri, akakata vipande vingi, katikati akapotea, akafuta kwa kiganja. Machozi yakaanza kumlenga.

"Hapa ndipo huwa napotea," akasema.

"Hapa tu?" babu yake akauliza.

"Hapa tu, babu."

Mzee akalitazama lile doa lililofutwa kwenye udongo. Nilimwona anavyolipima: mwaka mzima, dawati la mnyonya kidole, kwa ajili ya pale tu. Hakusema amekosea. Kwa umri wake na kwa heshima yake sikutegemea aseme, na sikumhitaji aseme.

"Mkwe," akasema, "fomu foo ulimaliza?"

"Nilimaliza, baba."

"Na uko kwenye Anaanza."

"Ndiyo, baba."

"Na hakuna aliyekurudisha la tano." Akamgeukia binti. "Kamalizie mgomba wa ng'ombe. Wewe, mwandikie mwalimu."

Mfumo una mahali pa kumwandikia mwalimu, padogo, pa maneno machache. Mzee hakuambiwa hivyo, au aliambiwa akaona haimhusu. Akasimama wima, fimbo mbele, akaniandikisha barua. "Mwalimu wetu mpendwa, tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku hatujambo, bibi anakusalimu, ng'ombe amezaa salama. Neno langu lile la mtoto kurudia nimelirudisha. Aende la sita. Likizo hii nitakaa naye kwenye hesabu za sehemu mimi mwenyewe, utuletee maswali."

Mfumo ukakataa. Maneno yamezidi.

"Baba, tupunguze. Labda ng'ombe..."

"Ng'ombe abaki. Toa salamu za bibi, yeye anakutana na mwalimu kesho kwenye misa, watasalimiana."

Jibu lilikuja sijamaliza bakuli jingine la mtori, nikila palepale kwenye kona ya mtandao. Mwalimu alisema jina la mtoto ameliandika la sita, maswali atayaleta, na hongera kwa ndama. Niliita bandani nikamsomea binti.  Nilisikia tu panga linakata mgomba harakaharaka, kama mtu anayewakatia ng'ombe watatu. Ng'ombe siku hiyo alishiba.

Krismasi nilipanda tena, na mke wangu akalitangaza jambo hilo soko zima kama ndege ya kwanza kutua. Watoto wakasimama uwanjani. Wa nne, wa tisa, wa pili, makofi. Zamu ya binti ilipofika akashika pindo la gauni.

"Nasoma habari ndefu na kuieleza. Napima eneo. Sehemu zenye asili tofauti nakaribia, nafanya na babu."

Makofi yakasita, hayajui yaanze au yangoje. Mjomba mmoja wa Arusha, mtu mwema, akauliza, "Sawa mama, lakini umekuwa wa ngapi?"

Binti akamtazama babu yake. Babu alikuwa na kisu cha nyama mkononi.

"Huyu anaingia la sita," akasema. "Na wewe hebu niambie, nina zamu ya maji nusu siku, jirani kaniachia theluthi. Nina kiasi gani? Ukipata, nyama inaanzia kwako."

Watu wakacheka, na makofi yakapata njia. Mjomba akacheka pia, lakini nikaona midomo yake inahesabu. Moja na moja, mbili. Nilijua anakoelekea, mimi nilishafika huko. Nikavuta kiti changu, nikakaa karibu naye.