Bati Lililokataa Kushika Shaba

Baba alikuwa amesikiliza redio mara moja tu maishani mwake, kwenye baraza la duka moja Korogwe, na mwenye duka alimfukuza kabla mtangazaji hajamaliza. Aliporudi kambini Hale alisema, "Siku moja nitaisikiliza nikiwa kwangu." Nikajiapiza kumtengenezea. Lakini mkataba wake wa kukata mkonge ulikuwa umekwisha, na Jumamosi lori lingemchukua aanze safari ya kurudi kwao Songea. Mimi nilikuwa nabaki, nafanya kazi karakana ya umeme.

Vifaa nilikuwa navyo. Kilichonitia wazimu ni ubao wa kuviunganisha. Badala ya nyaya, nilipigilia juu yake vipande vyembamba vya shaba ili umeme upite humo. Shaba tupu huota kutu ya kijani na kulehemu juu yake ni taabu, kwa hiyo ilinibidi niipake bati la kuyeyusha. Bati nalo halishiki shaba chafu. Nikaisugua kwa makapi ya mkonge, kama kila mtu kambini alivyosugua sufuria zake. Iling'aa hata nikacheka peke yangu. Nikapaka bati, likakaa vizuri.

Asubuhi lilikuwa limebanduka kama magamba ya samaki. Maji makali ya mkonge yalikuwa yamejificha kati ya shaba na ubao, usiku yakatambaa na kuila shaba chini ya bati. Nikasugua tena kwa mchanga, nikapaka tena, likabanduka tena. Nilitukana bati, nikatukana mkonge na aliyeuleta nchini.

Mama jirani akapita na ndoo yake. "Mwanangu, umegombana na ubao? Nani ameshinda?"

Nikaendelea kusugua.

Jumamosi lori lilipopiga honi, bado nilikuwa napuliza makaa nipashe moto chuma cha kulehemia. Baba akaja, akaweka mzigo wake chini, akaukalia.

"Lete."

"Baba, bado."

"Lete hivyo hivyo."

Nikampa kisikilizio cha ile redio. Akakibana sikioni, akafumba macho. Nilijua hakuna kitu: kipande kimoja cha shaba kilikuwa kinaning'inia, hakijashikana na chochote. Akasikiliza muda mrefu, dereva anamfokea.

"Wanasemaje, baba?" Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Wanasoma habari," akasema. "Wanasoma vizuri sana."

Akanirudishia kile kisikilizio kwa mikono miwili, akanishukuru, akapanda lori. Nilikuwa nimelikasirikia lile bati kiasi kwamba hata mkono sikumpungia.